Sweta la Kifua cha Zamani

Mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka sweta la kukukaa sawasawa, lisilokubana kwapani wala kukunyonga shingoni, unamwendea Shangazi. Jina hilo lilianzia nyumbani kwa kaka yake, kwa binti wa pekee wa huyo kaka. Likaruka ukuta, likaingia kwa majirani, na siku hizi hata wazee waliomzidi umri walimwita Shangazi bila haya. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyemzika mume wa kwanza na kumfukuza wa pili, na kati ya hao wawili alisema aliyemuumiza kichwa zaidi ni marehemu, maana alikwenda bila kugombana naye.

Katika kufuma alikuwa na masharti yake. Hashiki kazi kabla hajafuma kipande kidogo cha kujaribia, upana wa kiganja, akihesabu vitanzi vilivyoingia humo, ndipo ajue kifua cha mtu kitataka vitanzi vingapi. Pia alishikilia kwamba sweta huvaliwa mabegani. Kifua ni mgeni tu, na mgeni huachiwa nafasi ya kujinyoosha. Inchi mbili za kupumulia, hata kwa mtu anayetaka limbane. Lakini kilichomsumbua maisha yake yote ni mkono. Akiwa na hasira vitanzi hukaza kama vifundo. Akiwa anasengenya hulegea. Mke wa mwenye duka aliwahi kupata sweta la kutosha watu wawili, kwa sababu wiki ile lilitokea jambo mtaani, tena tamu, na Shangazi alilisimulia tangu pindo hadi shingo.

Kaka yake, ambaye wote walimwita Fundi kwa kuwa ndiye aliyetengeneza milango ya nusu ya nyumba za mtaa ule, hakuwahi kufumiwa naye. Alikuwa akisema fundi seremala aliyevaa sufu ni ufagio unaotembea, unazoa vumbi la mbao karakana nzima. Basi Shangazi alishtuka siku alipomkuta amekaa dirishani juani, blanketi magotini, saa ambayo zamani ungesikia randa yake kutoka barabarani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kibonge, nifumie sweta."

Kibonge lilikuwa jina alilompa wakiwa watoto, na hakuna mwingine duniani aliyeruhusiwa kulitumia.

"Wewe? Ufagio unaotembea?"

"Baridi imenizoea. Nifumie la kijani, kijani cha chupa, shingo ya duara. Usinifumie maua."

"Haya, simama nikupime."

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Unipime nini? Mwenye futi katika nyumba hii ni mimi. Kifua arobaini na nne. Tangu nioe ni arobaini na nne. Shika hiyo kichwani, nenda nayo."

"Kaka, mwili hubadilika."

"Wa kwako. Tazama shati hili." Alivuta ukosi. "Nilivaa kabla sijaumwa, navaa leo, limenikaa vilevile. Kinachonisumbua ni tumbo. Mwili uko palepale."

Shangazi alilitazama shati. Kweli lilimkaa. Begani, ubavuni, kiunoni, kama aliyeshonewa jana. Na hilo ndilo lililomshtua, maana uso ulioota juu ya ule ukosi ulikuwa umebaki macho na mifupa. Akainama kama anayemtengenezea blanketi, akaona ubavuni uzi mpya, mweupe kuliko kitambaa chenyewe. Mshono ulikuwa umesogezwa.

Alikwenda jikoni, akamkuta mke wa Fundi anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Wifi. Nani anamshonea kaka yangu?"

Wifi hakugeuka. "Punguza sauti."

"Nimepunguza. Nani?"

"Mimi." Aliweka sahani chini taratibu, kama angeamsha mtu. "Kila nguo ikitoka kwenye kamba, kabla ya pasi, inapita kwenye cherehani. Mashati, suruali, hata fulana. Mkanda nimeukata upande wa chuma, ili tundu analofungia liwe lilelile. Kile kioo kikubwa cha chumbani nilikivunja mwenyewe, nikamsingizia paka."

"Hamna paka."

"Nilisema wa jirani." Wifi alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. "Daktari aliniita ukumbini peke yangu. Alisema turudi naye nyumbani, tumpe anachopenda, tusimchoshe. Nikamwomba amwambie ni vidonda vya tumbo. Akasema si desturi yake. Nikamlilia, wifi, mpaka akaona haya ya watu. Akamwambia vidonda."

Shangazi alivuta kigoda, akaketi. Alikuwa anajua kuwa kaka yake anaumwa. Hakuwa anajua kuwa anaondoka.

"Na Binti?"

"Hajui. Ndio kwanza amepata kazi huko mbali, kusimamia majengo, wanaume wazima wanamwita bosi. Akimwona baba yake hivi, uso wake utasema yote kabla hajavuka mlango. Na baba yake si mjinga." Wifi alifuta mikono kwenye kanga, akamshika bega. "Niapie. Hutamwambia yeye wala mtoto. Na hilo sweta, mfumie kwa mwili alionao sasa. Likimkaa, atajua ni arobaini na nne yake ileile. Akipata moja lililomkaa jipya kabisa, ndipo hatashuku tena haya mashati."

"Nitampimaje mtu anayekataa kupimwa?"

"Wewe ndiye mfumaji."

Shangazi akaapa. Usimlaumu upesi, ukiwa umekaa kwenye kigoda cha jikoni na mwanamke amekushika bega namna ile, utaapa chochote.

Alipimaje? Wakati wa kuaga alimkumbatia. Zamani, enzi za kifua chenyewe, akimkumbatia vidole vyake viligusana kwa shida mgongoni. Safari hii mkono wa kulia ulipita, ukaendelea kupita, ukashika kiwiko cha wa kushoto. Alihisi mbavu kama vijiti vya kiti kisichopakwa rangi.

"We Kibonge, una nini leo? Kwani nasafiri?"

"Napima joto," alisema uso wake ukiwa kwenye shati, na hakumwachia mpaka alipohakikisha sauti yake imerudi mahali pake.

Alikwenda nyumbani, akafunga mlango, akaikunja mikono vilevile hewani, akapima kwa futi yake ya kamba duara lililobaki katikati. Inchi thelathini na tano. Akapima tena, akitumaini amekosea. Thelathini na tano.

Akaanza. Kipande cha kujaribia kilitoka kigumu kama mkeka, akakifumua. Cha pili kikatoka kigumu vilevile. Cha tatu alikifuma akiimba kwa nguvu, majirani wakadhani amepata mume wa tatu, na kwa namna hiyo mkono ukalegea kidogo. Pindo la chini akalipandisha kwa mistari ya mbavu, kisha akaingia mgongo wenyewe. Kila alasiri alibeba kapu lake akaenda kufumia kando ya kaka yake, na hapo alikuwa salama, kwa kuwa vitanzi vikijikusanya kwenye sindano havionyeshi upana wake. Hata jicho la seremala haliwezi kuukadiria.

"Hiyo ndiyo arobaini na nne?"

"Si ulisema mwenyewe?"

"Inaonekana kama soksi."

"Na wewe mlango kabla haujasimama si unaonekana kama ubao? Niache na kazi yangu."

Alimpenda kwa utani huo. Alasiri zile zilikuwa nzuri, na Shangazi alianza kuona kwamba Wifi ana haki. Mtu anacheka, anafunga vifungo vyake, anakula vijiko vyake viwili vya uji akijua kesho vitakuwa vitatu. Kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuja kwa simu. Binti alipiga, Fundi akaiweka mezani kwa sauti ya juu, maana mkono ulichoka kuishika.

"Baba, mbona sauti yako imekuwa nyembamba?"

"Simu hiyo. Nunua nyingine, wewe ni bosi."

"Nije wiki ijayo? Naweza kuomba ruhusa."

"Kazi mpya uombe ruhusa? Kwa sababu ya tumbo la mzee? Subiri mwisho wa mwaka. Mimi niko vilevile. Nguo zangu zote zinanikaa, muulize mama yako. Na shangazi yako huyu hapa ananifumia sweta la inchi arobaini na nne. Umeona wapi mgonjwa mwenye kifua cha arobaini na nne?"

"Shangazi, kweli?"

Kitanzi kiliponyoka kwenye sindano, kikateremka mistari kadhaa, na Shangazi alikitazama kinavyoteremka asikiokote. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Hicho ndicho kipimo alichonipa baba yako," Shangazi akasema.

"Basi sawa," Binti akacheka, mtoto amepumua. "Mwisho wa mwaka nakuja."

Simu ilipokatika Fundi alikaa anaitazama. Wifi alirudi uani. Kisha Fundi akasema, bila utani, "Unajua kwa nini nataka aje akiwa na nafasi, si kwa kukimbia? Nina neno lake. Alipokuwa mdogo alikuwa haondoki karakanani. Akaniomba nimfundishe randa. Nikampa ufagio. Nikamwambia kazi ya msichana humu ni hiyo. Hakuniomba tena jambo lolote, Kibonge. Mpaka leo. Anapiga simu, anacheka, anatuma vitu, lakini haombi. Sasa anajenga maghorofa huko, wala hakujifunza kwangu hata kupigilia msumari. Nataka nimwambie nilikosea. Na neno kama hilo humwambii mtu kwenye simu. Unamketisha, unamtazama. Hayo yatakuwa ya mwisho wa mwaka."

Akajifunika blanketi vizuri, mtu aliyepanga mambo yake.

Shangazi alikusanya kapu lake mapema siku hiyo. Njiani watu walimsalimu, akapita. Alifika kwake, akakaa kitandani, akautandaza ule mgongo mapajani. Ulikuwa kazi nzuri. Ungemkaa kama ngozi. Na ungekwenda kukaa pamoja na yale mashati na ule mkanda uliokatwa, mashahidi wote wakisema neno moja, na mzee akiwaamini, akimwambia mwanawe subiri. Mwisho wa mwaka! Mwili aliokumbatia haukuwa na mwisho wa mwaka ndani yake.

Aliapa kwa mdomo. Sindano hazikuapa. Alichomoa sindano, akashika ncha ya uzi, akavuta, na mgongo wa inchi thelathini na tano pamoja na nafasi yake ukaisha mstari baada ya mstari, kwa ule mlio mdogo unaofanana na mtu anayechana nywele.

Wifi aligundua alipokuja nyumbani kwa Shangazi kuchungulia kazi imefika wapi. Shangazi alikuwa amemaliza mgongo na mbele, ameviunga mabegani, na sweta lilikuwa limetandazwa mezani bila mikono. Wifi alisimama mbele yake kama aliyekuta mgeni nyumbani.

"Wifi, hili la nani?"

"La kaka."

"La kaka yupi? Hili linaingia watu wawili!"

"Amesema arobaini na nne. Nimefuma arobaini na nne."

"Uliniapia!"

"Niliapa sitasema. Sijasema."

"Usinichezee, wifi, mimi si mtoto." Wifi alinyoosha kidole upande wa nyumba yake. "Unajua mimi ninashona nini pale? Unadhani nashona mashati? Nashona ile dakika ya asubuhi anapofunga vifungo, vinafika, anajitazama chini, anasema, leo afadhali. Dakika moja hiyo. Ndiyo mshahara wangu. Wewe unakuja na mlima wa sufu unataka kuufukia."

Shangazi alimvutia kiti. Wifi hakukaa.

"Naijua dakika hiyo," Shangazi akasema. "Nimeiona. Na akishamaliza kufunga vifungo, anamwambia Binti asije. Ulikuwa mlangoni na ndoo yako, ulisikia. Ana neno la kumwambia mtoto, wifi. Alinieleza ulipokwenda uani. Analiweka mpaka mwisho wa mwaka kwa sababu shati limemkaa. Tukimwacha hivi, atazikwa nalo, na yule mtoto atakuja kutuuliza sisi wawili tulikuwa wapi. Tutamwambia tulikuwa tunashona?"

Wifi alilishika sweta pindoni, akalivuta kama anayepima uzito wake. Aliliachia. "Siku utakayomletea mimi sitakuwepo," akasema, akatoka.

Lakini alikuwepo. Siku Shangazi alipoingia na sweta limekunjwa kwapani, Wifi alikuwa amekaa pembeni ya kabati, mikono mapajani, kama watu wanavyokaa kwenye benchi la hospitali.

"Lete, lete!" Fundi alisema. Alilipenda kwa macho kwanza, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega kutafuta kosa. "Hapa hujatia chumvi. Hapa pazuri." Walimsaidia kuinua mikono. Kichwa kikatokeza. Kisha sweta likaanguka.

Halikumkaa popote. Bega la kushoto liliteremka hadi katikati ya mkono, ncha za mikono zikameza vidole, na mbele likaning'inia kama pazia la dirisha la mtu mwingine. Fundi alijitazama, akacheka sana. "Kibonge! Ulikuwa unamsengenya nani? Hili umelifuma mkono umelegea mpaka kiwiko!"

"Mkono haukulegea, kaka."

"Haukulegea nini! Tazama. Ningeweza kukodisha vyumba humu."

"Lipime."

Ilikuwa sauti yake iliyomnyamazisha. Fundi alimtazama, akamtazama mke wake pale kwenye kabati, akalivua taratibu, peke yake, akikataa kusaidiwa. Aliliweka mezani, akalinyoosha kwa viganja, akachukua futi yake kwenye mfuko wa shati, akapima kutoka kwapa hadi kwapa. Alipima kama alivyopima mbao, macho karibu, ukucha ukiwa mahali pa alama.

"Ishirini na tatu. Mara mbili arobaini na sita." Akafikiri. "Na nyinyi mnaacha inchi mbili za kupumulia."

"Mbili."

"Basi ni arobaini na nne."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni. Fundi alijizungushia futi kifuani, juu ya shati, akaileta mbele, akaisoma. Hakusema imesoma ngapi. Aliiachia ikaanguka, akafungua vifungo viwili vya shati, akaugeuza ubavu nje. Hapo ndani kitambaa kilikuwa kimekunjwa upana wa vidole vitatu, mkunjo juu ya mkunjo, umeshonwa mistari minne, kila mstari kwa wakati wake.

Alipitisha kidole kwenye mistari hiyo, mmoja mmoja.

"Mke wangu."

"Abee."

"Mashati yote?"

"Yote."

"Na mkanda?"

Wifi aliitikia kwa kichwa.

"Mmenifanya mtoto," alisema. Sasa hasira ilikuja, ndogo, yenye pumzi fupi. "Ndani ya nyumba yangu! Mimi nimekaa hapa natamba kifua arobaini na nne, ninyi mmekaa mnanitazama. Mngeniambia! Hata mbwa huambiwa toka!"

Wifi alianza kulia bila sauti. Shangazi akaipokea hasira yake yote, maana nusu ilikuwa haki yake. Ilipomwishia, Fundi alikaa akihema, bado ameushika ule mshono. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake, "Lakini ni mshono mzuri. Sikuuona. Mimi, miaka yote hii naficha viungo vya mbao, sikuuona." Alinyoosha mkono upande wa kabati, Wifi akaja, akapiga magoti, akaweka uso wake pale pale ubavuni.

"Nipe simu," Fundi akamwambia dada yake.

Binti alipokea akiwa kazini; nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga.

"Mama," Fundi alimwambia, kama alivyomwita alipokuwa mdogo, "omba ruhusa uje."

"Si ulisema mwisho wa mwaka?"

"Nilikuwa nimepima vibaya."

Nyundo ziliendelea kugonga. Kisha Binti akasema, polepole, "Naondoka kesho, baba," wala hakuuliza swali la pili.

Simu ilipowekwa, Shangazi alilikunja lile sweta, akafikiri kwamba kazi yake imekwisha, na kwamba atalipeleka mbali na macho yao. Fundi akamzuia.

"Unalipeleka wapi? Simpokei mtoto nikiwa na blanketi kama furushi. Nifumie langu."

"Kaka, kesho kutwa atakuwa amefika."

"Basi unakaa kufanya nini? Nipime."

Safari hii alisimama mwenyewe, amejishika kwenye kiti. Wifi alishika ncha moja ya futi, Shangazi akaizungusha, na Fundi ndiye aliyesoma kwa sauti, kifua, bega, mkono, kama anayeagiza mbao dukani. Kwenye thelathini na tano sauti yake ilikwama kidogo. Akairudia, ikatoka.

Kisha wakalifumua. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi mawimbi, na kwa masharti ya Shangazi ulitakiwa uoshwe, utundikwe na kitu kizito chini mpaka unyooke. Hawakuwa na muda huo. Aliufuma na mawimbi yake, bila kipande cha kujaribia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike sindano. Fundi alinyoosha mikono mbele, uzi ukazungushwa kwenye viganja vyake, na alipochoka Wifi alishika mahali pake. Wifi alifuma mbele kwa vitanzi alivyokumbuka kutoka usichanani, vingine vimekaza, vingine vimelegea, na Shangazi akatazama pembeni. Hawakusema mengi. Mara moja Fundi aliuliza, "Itaniuma?" na Wifi akajibu, "Daktari ametoa dawa ya maumivu, ipo kabatini," na kazi ikaendelea. Lilikuwa swali lililokuwa limekosa pa kuulizwa nyumba nzima, na sasa lilikuwa limeulizwa.

Keshokutwa yake alasiri mgongo na mbele vilikuwa vimeungwa, mkono wa kushoto umekamilika, wa kulia umefika juu ya kiwiko. Shangazi alitaka kuona kama bega limekaa.

"Livae hivyohivyo na sindano zake. Polepole, zisikuchome. Na usisogee, vitanzi viko wazi."

Alilivaa. Bega lilikaa juu ya bega. Kifua kikawa na nafasi yake, si zaidi, na pindo likalala nyongani bila kukunjamana. Uzi wenye mawimbi ulikuwa umetoa uso usio laini, wenye vinundu hapa na pale. Lakini ndani ya sweta lile alionekana mtu mwembamba, mgonjwa sana, aliyekamilika. Wifi alimtazama muda mrefu. Hakukuwa na kitu cha kupunguza.

Lango la nje likalia.

"Kaka, kaa. Kaa! Sindano!"

Fundi alikuwa amekwisha simama. Alishika meza, akashika ukuta, akauelekea mlango ambao aliutengeneza mwenyewe, mkono mmoja umevikwa na mwingine umeishia kwenye sindano, donge la uzi likiruka kutoka kapuni na kumfuata sakafuni. Wifi aliinuka kumshika, Shangazi akamzuia kwa kumgusa goti.

Mlango ulifunguliwa. Binti alisimama na begi lake, vumbi la safari usoni, akamwona baba yake. Uso wake ulisema yote, kama mama yake alivyohofia. Begi likateleza likashuka chini.

"Usilie kwanza," Fundi alimwambia, akihema. "Utalia baadaye, ruhusa utapata. Njoo ukae hapa nikutazame. Nina neno lako."

Alimshika mkono, akaanza kumpeleka dirishani, hatua ndogo ndogo. Uzi ulikaza. Shangazi alishuka kwenye kiti chake, unene wake wote, akapiga magoti sakafuni, akalikamata lile donge kabla halijafika mwisho wake, akawa anauachia uzi polepole, kiasi wanavyokwenda, ili vitanzi visiponyoke.